Kusoma Herufi Pana Katika C

Mkondo wa ingizo katika lugha ya C haujui herufi. Unachokijua ni baiti: namba ndogo kuanzia 0 hadi 255, zinazofuatana mpaka faili liishe au mtu aliye kwenye kibodi aache kuandika. Faili likiwa na utenzi, orodha ya wanafunzi au picha ya harusi, mkondo ni uleule. Programu ndiyo inayoamua kwamba baiti 77 ni M, na kwamba baiti 196 na 169 zikifuatana ni ĩ moja. Isipoamua, au ikiamua vibaya, jina la mtu linaharibika mlangoni, kabla halijafika kwenye hifadhidata, na mara nyingi baada ya hapo hakuna njia ya kulirudisha.

Sisi tunaowaandikia programu watu wa Afrika Mashariki huwa tunachelewa kukutana na jambo hili, na sababu ni wepesi wa tahajia yetu. Tahajia iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha, iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili katika maeneo yaliyokuwa chini ya Uingereza, haina nukta wala kofia juu ya irabu. Kila herufi yake inaingia kwenye baiti moja. Kwa hiyo programu hujaribiwa kwa Juma, Amina na Neema, ikapita, ikapelekwa kazini. Kisha anakuja Mũthoni kutoka Nyeri, au André kutoka Bukavu, au mtafiti mwenye utenzi ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, wenye پ na چ, herufi ambazo baadhi ya waandishi wa Pwani waliziazima kutoka Kiajemi ili wapate sauti za p na ch. Hapo ndipo alama za kuuliza zinapoanza kujitokeza kwenye risiti na vyeti.

Wala si lazima mgeni atoke mbali. Neno ng'ombe linatosha. Ukiliandika kwa ritifaa ya kibodi, ile iliyonyooka, ritifaa hiyo ni baiti moja, namba 39. Lakini programu nyingi za kuandikia barua huibadilisha zenyewe kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo katika usimbaji wa UTF-8 huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu inayosoma kila baiti kama herufi kamili, kwa kufuata usimbaji wa zamani wa Windows uitwao 1252, itaziona herufi tatu mahali pa moja, na msomaji ataletewa ngâ€™ombe. Kila anayesoma Kiswahili kwenye skrini ameshaiona takataka hiyo. Faili lenyewe lilikuwa zima. Aliyelisoma ndiye aliyekosea.

Sura hii inahusu funksheni chache za C zilizotungwa ili programu isome herufi badala ya baiti. Nazieleza kwa kirefu kwa sababu naamini jina la mtu kusomwa sawasawa ni haki yake, iwe anatumia simu ya bei gani au lugha ya watu wangapi.

Dennis Ritchie alipoijenga C katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, usimbaji uliokuwa ukitawala mazingira yake ulikuwa ASCII, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1963. Una nafasi 128 tu, zinazotosha alfabeti ya Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na amri za mashine. Ndiyo maana aina ya data ya C iitwayo char ina upana wa baiti moja, na wanaprogramu walizoea kuichukulia baiti na herufi kuwa kitu kimoja. Mazoea hayo yaliwashinda Wajapani mapema. Kiwango chao cha kanji cha mwaka 1978 kilikuwa na alama zaidi ya 6,000, na baiti moja ina nafasi 256. Ilibidi alama moja ichukue baiti mbili. Tena katika mojawapo ya mifumo yao, ISO-2022-JP, maana ya baiti hutegemea amri iliyotangulia: baiti ileile inaweza kuwa herufi ya Kilatini kabla ya amri, na nusu ya kanji baada yake. Msomaji lazima akumbuke yuko katika hali gani.

Kiwango cha kwanza rasmi cha C, cha mwaka 1989, kiliingiza aina mpya iitwayo wchar_t, yaani herufi pana: namba moja yenye nafasi ya kutosha kubeba herufi yoyote ya lugha inayotumika. Ila kiliacha pengo kubwa, kwani hakikuwa na njia ya kusoma herufi pana moja kwa moja kutoka kwenye faili. Pengo hilo lilizibwa na nyongeza ya mwaka 1995, iliyoleta kichwa cha wchar.h pamoja na fgetwc, fgetws, ungetwc, fwscanf na ndugu zao. Muundo wao unaeleweka vizuri zaidi ukikumbuka kwamba waliozitunga walikuwa na mifumo kama ile ya Japani akilini. Hawakuchagua usimbaji mmoja. Waliacha programu itangaze, wakati wa kufanya kazi, ni usimbaji upi unaotumika.

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likiendelea. Mwaka 1988 Joe Becker wa Xerox alipendekeza Unicode, orodha moja ya namba kwa herufi za dunia nzima, na toleo la kwanza likatoka mwaka 1991. Waliamini biti 16, yaani nafasi 65,536, zingetosha. Hazikutosha, na mwaka 1996 toleo la pili lilifungua mlango wa nafasi 1,114,112. Namba zilikuwepo, lakini swali la namna ya kuziweka kwenye faili bila kuharibu programu zilizozoea ASCII lilibaki. Jibu lilipatikana jioni moja ya Septemba 1992 katika mgahawa wa New Jersey, ambako Ken Thompson wa maabara zilezile za Bell, huku mwenzake Rob Pike akimtazama, alichora UTF-8 kwenye karatasi ya kutandika mezani. Ndani ya siku chache mfumo wao wa uendeshaji, Plan 9, ulikuwa ukiutumia.

Tuutazame kwa karibu, maana huu ndio usimbaji utakaokutana nao karibu kila siku. Herufi ũ ina namba 361 katika Unicode. Kwa mfumo wa biti ni 101101001, biti tisa, na haitoshi kwenye baiti moja. UTF-8 huigawa mara mbili: biti sita za mwisho, 101001, huwekwa nyuma ya alama 10, zikawa 10101001, yaani 169. Zinazobaki hujazwa sifuri mbele mpaka ziwe tano, 00101, kisha huwekwa nyuma ya alama 110, zikawa 11000101, yaani 197. Baiti inayoanza na 110 inasema: mimi ni wa kwanza kati ya wawili. Inayoanza na 1110 ni ya kwanza kati ya tatu, na 11110 kati ya nne. Inayoanza na 10 ni mfuasi, na haiwezi kamwe kusimama peke yake. Baiti za ASCII huanza na 0 na kubaki vilevile zilivyokuwa. Nauhesabu huu kuwa mmoja wa michoro mizuri kuliko yote katika historia ya kompyuta: ukitupwa katikati ya faili, unarudi nyuma baiti zisizozidi tatu na unajua herufi inaanzia wapi.

Sasa tusome. Programu ifuatayo inahesabu herufi zinazoingia:

```c
#include <errno.h>
#include <locale.h>
#include <stdio.h>
#include <wchar.h>

int main(void)
{
    wint_t h;
    long idadi = 0;

    if (setlocale(LC_CTYPE, "") == NULL) {
        fputs("Mazingira ya lugha hayapo.\n", stderr);
        return 1;
    }

    errno = 0;
    while ((h = fgetwc(stdin)) != WEOF)
        idadi++;

    if (errno == EILSEQ)
        fputs("Baiti zisizosomeka.\n", stderr);
    else if (ferror(stdin))
        fputs("Kusoma kumekwama.\n", stderr);

    wprintf(L"%ld\n", idadi);
    return 0;
}
```

Ipe neno Gĩkũyũ kwenye Linux iliyopangwa kwa UTF-8 na itajibu 6. Amri ya wc -c, inayohesabu baiti, itajibu 9. Tofauti ya tatu ni zile baiti za pili za ĩ, ũ na ũ.

Mstari unaobeba uzito wote ni ule wa setlocale. Kila programu ya C huamka katika mazingira yaitwayo "C", ambayo hayana ahadi yoyote kuhusu baiti zilizopita 127. Alama "" inaiambia maktaba isome mapendeleo ya mtumiaji kutoka kwenye mazingira ya mashine, kwa mfano sw_KE.UTF-8 au sw_TZ.UTF-8. Ukiusahau mstari huo, fgetwc haitakuonya. Kuna maktaba ambayo itasoma G, ikagonga baiti 196 na kusimama, ukapata 1. Kuna nyingine itakayopitisha kila baiti kama herufi, ukapata 9. Majibu yote mawili si sahihi, na programu imekompailiwa bila lalamiko hata moja.

Usipuuze pia jibu la setlocale. Mazingira ya lugha lazima yawe yamesakinishwa kwenye mashine. Seva nyingi, na hasa zile mashine ndogo za ndani ya kontena, huja bila sw_TZ wala sw_KE. Hapo funksheni hurudisha NULL na programu hubaki katika "C" kimyakimya. Programu iliyofanya kazi vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi huvuruga majina ikifika kwenye seva, na timu nzima hupoteza siku ikikagua hifadhidata isiyo na kosa. Jaribu "C.UTF-8" kama njia ya pili, na hiyo nayo ikikataa, simama na useme wazi.

Nimeandika LC_CTYPE, si LC_ALL unayoiona kwenye vitabu vingi, na nimefanya hivyo kwa makusudi. LC_ALL hubadilisha pia namna ya kusoma namba. Kwenye mashine iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi nchini Kongo na Burundi, nukta ya desimali hugeuka mkato, na programu iliyotazamia 3.5 itasoma 3 na kuishia hapo. Unachotaka ni herufi. Badilisha herufi peke yake.

Angalia pia aina ya h. Si wchar_t, ni wint_t. Funksheni ya fgetwc lazima iweze kurudisha herufi yoyote na, juu ya hizo zote, ishara moja ya WEOF inayosema kwamba hakuna tena. Kiwango cha C kinahakikisha wint_t ina nafasi ya ishara hiyo. Kuhusu wchar_t hakihakikishi. Ni sababu ileile inayofanya getchar irudishe int badala ya char, na mtu aliyekwisha kuumizwa na getchar hapaswi kuelezwa mara mbili.

WEOF ina maana tatu, na hapa ndipo programu nyingi zinapodanganya bila kukusudia. Inaweza kuwa mwisho halali wa faili. Inaweza kuwa diski au mtandao umekatika. Inaweza kuwa baiti zilizokuja haziundi herufi katika usimbaji uliotangazwa, na katika hali hiyo errno hupewa thamani ya EILSEQ. Ndiyo sababu ya kuiweka errno kuwa 0 kabla ya kuanza. Programu isiyouliza swali hili italikuta faili lenye mistari mingi, ikajikwaa kwenye é moja iliyohifadhiwa kwa usimbaji wa zamani katika mstari wa kumi na mbili, na kutangaza kwamba imemaliza kazi. Watu wote walioandikwa chini ya mstari huo wamefutwa, na hakuna ujumbe wa kosa.

Mkondo una tabia nyingine inayowashangaza wengi: una mwelekeo. Ukifunguliwa tu hauna upande. Funksheni ya kwanza kuugusa ndiyo inayoamua: fgetc huufanya mkondo wa baiti, fgetwc huufanya wa herufi pana, na baada ya hapo haugeuki. Kiwango hakiruhusu kuchanganya. Kwenye Linux yenye maktaba ya glibc, mtu akianza na wprintf kisha akatumia printf kwenye stdout, maneno ya printf hayaonekani kabisa. Mwanaprogramu hukaa akitafuta kosa kwenye mantiki yake wakati ujumbe umekataliwa na mkondo. Ndiyo maana programu yetu inaandika idadi kwa wprintf, na kwenye stderr inatumia fputs peke yake: ni mikondo miwili, na kila mmoja umeshika upande wake mpaka mwisho. Ukitaka kuuweka upande mapema, kabla maktaba uliyoiazima haijauwahi, kuna fwide(faili, 1). Ukiipa 0 hubadilishi kitu, unauliza tu. Kuufuta mwelekeo kunahitaji freopen, yaani kulifungua faili upya.

Kwa kazi za kila siku husomi herufi moja moja, unasoma mstari. Hapo fgetws ndiyo chombo chenyewe, na ina mtego unaohusu ukubwa:

```c
wchar_t jina[64];

fgetws(jina, sizeof jina / sizeof jina[0], faili);
```

Namba ya kati ni idadi ya herufi pana, si ya baiti. Aliyezoea fgets huandika sizeof jina, na kwa char hilo halina ubaya. Kwenye Linux wchar_t ina baiti 4, hivyo sizeof jina ni 256, na fgetws itaamini ina nafasi 256 mahali penye 64. Jina refu lililopangwa kwa ujanja litaandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. Mgawanyo ule mfupi ndio ulinzi. Funksheni husoma herufi zisizozidi 63, huacha ya mwisho kwa L'\0', na alama ya mstari mpya huibakiza ndani ikiwa imeifikia. Usipoiona, na faili halijaisha, mstari haujaisha na kipande kilichobaki kinakungoja. Ni nadra kuihitaji fwscanf. Ukiihitaji, andika %63ls, kwa herufi l, kwa kuwa %s tupu katika kiwango hujaza char za kawaida, huku kwenye Windows ikijaza herufi pana.

Windows inastahili neno lake. Ilichukua biti 16 wakati Unicode bado iliamini zinatosha, na wchar_t yake imebaki na baiti 2 mpaka leo. Herufi zilizo nje ya 65,536 za mwanzo, zikiwemo emoji nyingi, hulazimika kugawanywa katika vipande viwili, na funksheni inayodai kurudisha herufi moja inarudisha nusu. Linux ina baiti 4 na haina shida hiyo. Kiwango hakiilazimishi wchar_t kuwa namba ya Unicode popote. Maktaba inayoahidi hivyo hutangaza jina la __STDC_ISO_10646__, na programu inayotegemea namba hizo ifanye uungwana wa kuliuliza.

Tukifika hapa, swali la haki ni kama kweli unahitaji herufi pana. Msimamo wangu ni huu: programu inayopitisha maandishi tu, inayoyapokea hapa na kuyahifadhi pale, iyaache yawe baiti za UTF-8. Kutafuta mwisho wa mstari ndani ya UTF-8 ni salama, kwa sababu baiti 10 ya mstari mpya haitokei kamwe ndani ya herufi nyingine. Baiti zote za herufi ndefu huanzia 128. Herufi pana zinahitajika pale programu inapohesabu, inapokata, inapobadilisha herufi ndogo kuwa kubwa, au inapogawa maneno. Fomu yenye nafasi ya baiti 20 inayokata jina kwenye baiti ya ishirini inaweza kuipasua ũ katikati, ikaacha 197 isiyo na mwenzake, na kila programu itakayolisoma faili hilo baadaye itajikwaa hapo. Na toupper ya baiti haiwezi kuigeuza ũ kuwa Ũ, wakati towupper, mazingira yakiwa yametangazwa vizuri, inaigeuza.

Kuna hali ya tatu, na ndiyo ngumu kuliko zote: maandishi yanayofika vipande vipande kutoka mtandaoni, au faili ambalo unajua limechafuka na bado unataka kuokoa kilicho kizima. Funksheni ya fgetwc haikufai hapo, kwani ikishakutana na baiti mbovu haina njia rasmi ya kuruka moja na kuendelea. Soma baiti kwa fread, kisha uzigeuze mwenyewe kwa mbrtowc:

```c
int katikati = !mbsinit(&hali);
size_t n = mbrtowc(&h, p, baki, &hali);

if (n == (size_t)-1) {
    h = 0xFFFD;
    n = katikati ? 0 : 1;
    memset(&hali, 0, sizeof hali);
} else if (n == (size_t)-2) {
    n = baki;
    /* herufi bado. Leta baiti nyingine */
} else if (n == 0) {
    n = 1;
}
```

Hapa h ni wchar_t, p ni mahali tulipofika kwenye baiti zilizosomwa, na baki ni idadi ya zilizosalia. Kigeu cha hali ni cha aina ya mbstate_t, na hujazwa sifuri kabla ya kuanza, kisha baada ya kosa tu. Ndicho kumbukumbu ya herufi isiyokamilika. Tuseme umesoma baiti 4,096 na za mwisho mbili ni 226 na 128, mwanzo wa ile ritifaa iliyopinda ya ng’ombe. Funksheni itarudisha (size_t)-2: sijaona kosa, ila sijamaliza. Baiti hizo mbili zimehifadhiwa ndani ya hali. Ukileta kipande kinachofuata kinachoanza na 153, itakamilisha herufi na kurudisha 1, idadi ya baiti ilizotumia safari hii. Wanaoitupa hali na kuanza upya kwa kila kipande ndio wanaotoa maandishi yenye kasoro moja kila baada ya kurasa kadhaa, kasoro ambayo hailingani na kitu chochote ndani ya faili.

Jibu la (size_t)-1 ni kosa la kweli. Unaweka U+FFFD, alama ya kimataifa ya herufi iliyopotea, unaisafisha hali, unasonga mbele. Ila kuna jambo dogo ambalo mifano mingi hulikosa. Ikiwa hali ilikuwa imebeba nusu ya herufi kutoka kipande kilichopita na baiti iliyokuja ni o ya kawaida, kosa ni la ile nusu. O haina hatia. Ukiruka baiti moja utaimeza. Ndiyo kazi ya kigeu cha katikati: kama tulikuwa njiani, n inakuwa 0 na baiti ileile inajaribiwa upya kwa hali safi.

Usiwe na huruma na baiti mbovu kwa kukisia zilimaanisha nini. Mkwaju / ni baiti 47, lakini hesabu ya UTF-8 ikifuatwa bila sheria, baiti 192 na 175 nazo huleta 47. Kiwango cha UTF-8 kinakataza umbo hilo refu. Mwaka 2000 seva ya wavuti ya Microsoft, IIS 4.0 na 5.0, iligunduliwa ikikagua anwani kabla ya kuzifumbua baiti kama hizo. Mkwaju uliofichwa ulipita ukaguzi, kisha ukageuka mkwaju halisi na kumfikisha mshambuliaji kwenye mafolda aliyokatazwa. Mnyoo wa Nimda, mwaka uliofuata, uliutumia mlango huo miongoni mwa njia zake za kuenea. Fumbua kwanza, kataa kisicho halali, kisha ndipo ukague.

Hata ukishasoma kila kitu sawasawa, herufi pana si lazima iwe kile msomaji anachokiita herufi. Kuna namna mbili za kuandika ĩ: namba moja, 297, au i ya kawaida ikifuatwa na U+0303, kiwimbi kinachokaa juu ya herufi iliyotangulia. Kwenye skrini zinafanana. Neno Gĩkũyũ likiandikwa kwa namna ya pili lina baiti 12, na programu yetu ya kuhesabu itajibu 9 badala ya 6. Mtu aliyejiandikisha kwa kibodi moja akaja kutafutwa kwa kibodi nyingine hataonekana, ingawa jina lake limo. Maktaba ya kawaida ya C haina dawa ya hilo. Itakubidi utumie maktaba kama ICU kuyaleta majina kwenye umbo moja kabla ya kuyalinganisha.

Na kwa Kiswahili kuna ritifaa. Funksheni ya iswalpha, inayosema kama herufi pana ni ya alfabeti, inaikataa ritifaa iliyonyooka, na inaikataa pia iliyopinda, U+2019, kwa kuwa Unicode inazihesabu kuwa alama za uandishi. Ipo U+02BC, yenye sura ileile, iliyosajiliwa kama herufi, lakini ni wachache wanaoiandika. Programu inayogawa maneno kwa iswalpha peke yake itavunja ng’ombe kuwa ng na ombe, na kwenye kamusi yoyote itakayojengwa kutokana nayo, ombe litakuwa neno la Kiswahili. Kuikubali U+2019 kila mahali nako hakufai, kwani ndiyo hiyohiyo inayofunga maneno yaliyonukuliwa.

Suluhisho liko mkononi tayari, kwa sababu mkondo wa herufi pana unaruhusu kurudisha herufi moja:

```c
if (h == L'\'' || h == 0x2019) {
    wint_t mbele = fgetwc(faili);
    if (mbele != WEOF)
        ungetwc(mbele, faili);
    ndani = iliyopita == L'g' && mbele != WEOF
            && iswalpha(mbele);
}
```

Ungetwc inahakikishiwa nafasi moja tu ya kurudisha, na hapa hatuhitaji zaidi. Ritifaa iliyotanguliwa na g na kufuatwa na herufi huhesabiwa kuwa sehemu ya neno, basi ng’ombe, ng’oa na king’ora hutoka nzima, na alama inayofunga nukuu hubaki nje. Ongeza towlower kwenye iliyopita, yaani herufi iliyotangulia, ikiwa unataka NG’OMBE ya vichwa vya habari nayo ipite, na uziruhusu namba za kuanzia 0x0300 hadi 0x036F bila kuitegemea iswalpha, ili kiwimbi cha Mũthoni kisikate jina lake mara mbili.